Upande wa Kushoto wa Kipepeo

Bibi yangu Kokugonza alikuja kwetu Igoma kutoka Bukoba na kipepeo cha mkono cha mama yake, amekizungushia kanga mbili. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi.

"Wewe ndiye uliyesomea vitu vya kale," aliniambia. "Kila nikikishika, nyuzi zinadondoka. Kifanye kishikike."

Nilikuwa na shahada na sina kazi. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikilaza mezani, nikaanza na kile nilichodhani ni uchafu: mafuta meusi yaliyoziba msuko wake wa ukili. Pamba, maji kidogo, spiriti. Kufikia saa sita mchana upande wa kushoto ulikuwa safi. Nikamwita Bibi kwa majivuno.

Alikipeleka puani. Akakigeuza, akanusa tena.

"Huku kunanuka hospitali," alisema. "Mama yuko wapi?"

"Mama yupi, Bibi?"

"Mama yangu, Paskazia! Nilipokuwa mwali alinipepea kwa hiki, mikono yake imejaa samli. Sura yake siioni tena. Harufu ndiyo iliyobaki."

Machozi yalinitoka. "Nipake samli nyingine?"

"Ya dukani? Atakuwa mama wa nani huyo?" Akatikisa kichwa. "Miaka mitatu chuoni, hawakukufundisha kuuliza?"

"Walitufundisha, Bibi. Wiki ya kwanza."

"Basi wiki hiyo uliumwa."

Nilitaka kumrudishia kipepeo chake hivyo hivyo. Lakini nyuzi za upande wa kulia nazo zilikuwa zikikatika. Zikiisha, na harufu imekwisha. Nilimweleza hilo. Akavuta kiti karibu na meza.

"Shona. Mimi nitanusa."

Nilinunua kipande cha kitambaa chepesi cha shela dukani Mabatini, nikakichovya kwenye chai kifanane na ukili, nikakitandika chini ya msuko. Hakuna pamba, hakuna maji. Kabla ya kila mshono nilimwambia nagusa wapi. Mara mbili alinishika mkono: "Hapo yupo sana, pita pembeni." Nikapita pembeni, mshono ukaenda upogo, nikauacha.

Siku ya nne alikiinua kwa mpini. Hakuna uzi uliodondoka. Aliuelekeza upande wa kulia usoni mwake, akapepea polepole, mdomo wazi kidogo.

"Shikamoo, mama," alisema.

Nilitoka nje, nikawaacha.