Baba wa Kwenye Karatasi

Gires, mhudumu wa wazee, alikuwa anamvisha Mama Lottie soksi nyumbani kwa bibi huyo, Edmonton, London. Mmarekani huyo alikuwa na furaha. Baada ya kutafuta miaka tisa, amempata babu wa ukoo wao, Mjerumani aliyehamia Pennsylvania enzi za ukoloni.

"Aliingia melini kwa jina la shemeji yake, marehemu," akasema akicheka. "Mwongo mkubwa! Nimepekua vitabu vya makanisa yote, kumbe namtafuta maiti. Na wewe, mwanangu, baba yako nani?"

"Bahati," Gires akajibu haraka.

Bahati ni mjomba wake. Ndiye aliyekuwa na makaratasi ya ukaazi, akamwingiza London kama mwanawe wa kumzaa. Baba mwenyewe, Mushagalusa, amezikwa Walungu, kwao Kongo, na mtoto wa Gires aliyezaliwa mwezi jana keshaandikishwa kwa jina la ukoo la Bahati.

Mama Lottie akachukua kalamu. "Nitajie herufi, nikuandikie. Ukoo huanzia hapo."

Gires akavuta soksi ya pili. Akataja herufi za jina la mjomba, moja moja, macho kwenye soksi.

"Haya," bibi akasema, akimkabidhi karatasi. "Vitukuu wako hawatahangaika kama mimi."