Alichoombewa Sidi

Kabla ya kujuana na Margaret, Sidi aliomba kama mtu anayevuka barabara: upesi, asigongwe. Baba Yetu mbio mbio hadi amina, kisha huyo, kisimani. Margaret, mwenzake wa kanisani, ndiye aliyemfundisha kutulia. Kila Jumanne alitoka kwake Mtopanga akaja Utange, wakapiga magoti juu ya mkeka mmoja jikoni kwa Sidi.

"Mungu si mwenye duka, mdogo wangu," alikuwa akimwambia. "Usimwendee na orodha. Keti naye, umwambie lile usilomwambia mtu."

Miezi minane Sidi akaketi. Kile kimya kilichokuwa kikimtisha kikawa kama kivuli cha nyumba saa nane za mchana: ukishakiingia, hutamani kutoka. Na humo kimyani, Jumanne moja, Margaret akiwa kando yake, lile neno likamtoka. Alikuwa na mtoto. Alimzaa kwa shangazi yake Kaloleni kabla Gershom hajamposa, na mtoto akaishi siku tisa. Gershom hakuambiwa. Sidi aliomba jambo moja tu: apewe moyo wa kumwambia mumewe mwenyewe, kwa kinywa chake.

Margaret alilia naye, akamfuta machozi kwa ncha ya leso. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya Sidi ilikuwa Margaret.

Jumapili iliyofuata, mwaka ule wa mwisho kabla ya uhuru, Gershom alikuwa zamu bandarini. Baada ya ibada akina mama walibaki kanisani kuomba, na Margaret akasimama. Aliombea wagonjwa, akaombea mvua, akawaombea wanaokwenda kutupokelea nchi. Kisha sauti ikashuka, ikawa laini kama mafuta ya nazi.

"Na dada yetu Sidi, Bwana. Mponye jeraha la yule mtoto aliyemzika Kaloleni, ambaye mumewe hamjui. Mpe ujasiri wa kutubu."

Wakaitikia amina.

Sidi alifumbua macho. Wote walikuwa wameyafumba ila mmoja: mavyaa yake, mama yake Gershom, aliyekuwa akimtazama bila kupepesa.

Nje, Margaret alimjia mikono wazi. Akasema hakukusudia ubaya, wengi wakiomba mzigo hupungua.

"Mzigo nilikupa unishikie, dada," Sidi akamwambia. "Sikukwambia uutandaze."

Hakungoja jibu. Mavyaa yake alikuwa ameshashika barabara kuu, akamngoje mwanawe nyumbani. Sidi akakata njia ya minazini, akamkuta Gershom anatoka zamu, anasukuma baiskeli yenye pancha. Akamwambia yote palepale juani.

Gershom aliuliza mtoto aliitwa nani. Sidi akasema Kaviha. Akauliza nani mwingine alijua, na tangu lini. Hilo pia Sidi akalijibu, wala hakujificha.

"Basi mimi ni wa mwisho," Gershom akasema. "Margaret, kanisa zima, mama, halafu mimi. Kinywa ulikuwa nacho, Sidi."

Akasukuma baiskeli yake. Hakumwambia mkewe afuate, wala hakumwambia abaki. Siku mbili nyumba ikawa na salamu tu.

Jumanne Margaret akapiga hodi. Sidi akamjibu mlangoni kwa adabu kwamba leo ana kazi, akarudi jikoni, akapiga magoti peke yake. Akafumba macho. Mara akaisikia ile sauti laini ikitaja Kaloleni, kana kwamba Margaret yuko palepale mkekani. Hata kimya alikuwa amemwibia.

Akayafumbua. Akaomba macho wazi, akitazama jivu, na akaomba kwa Kigiriama, lugha ya kwao, ambayo hakuwahi kumwomba Mungu kwayo. Alikwenda neno moja moja, kama mtu anayepita matopeni. Alipofika kwenye jina la Kaviha, akasikia baiskeli ikiegemezwa ukutani. Gershom alikuwa amerudi kutoka zamu.

Sidi hakunyamaza. Alilitaja jina tena, kwa sauti.

Hatua za Gershom hazikuingia jikoni, wala hazikuondoka mlangoni.