Mtu wa Kipimo

Nilikuwa nimesimama mbele ya msitu kama mlingoti uliokosa bendera, na darasa zima likinichora.

Mwalimu wetu wa sanaa alishikilia kwamba picha ya mandhari isiyo na mtu haina kipimo: mtazamaji hajui kama ule ni mti au mchicha. Basi kila Jumamosi mkorofi wa wiki alipelekwa ukingoni, pale uwanja wa shule ulipokoma na miti kuanza, akasimame awe kipimo. Cheo hicho nilikishika karibu muhula mzima. Nasema bila kujisifu, nilikuwa na uzoefu.

Siku hiyo ilitakiwa picha ya kutundikwa bwaloni, ya binadamu aliyelishinda pori. Baba zetu ndio waliofyeka pale. Tulikua tukijiita wana wa shoka. Rafiki yangu Kobe, fundi wa brashi lakini mzito kupindukia kumaliza picha, alikuwa ameshaonywa: akiharibu na hii, anahamishiwa hesabu za biashara. Kobe na hesabu hawakuwa wakisalimiana.

Nami shetani akanipanda. Kila walipoinamisha vichwa, nilirudi nyuma hatua moja. Wakafuta, wakanipunguza; wakiinua macho, nimepungua tena. Mwishowe nikawa ndani ya msitu kabisa, nikicheka peke yangu, hadi kicheko kikaniishia. Humo mlikuwa na baridi, na kimya kisichonijua. Hakuna jani lililojali mimi ni mwana wa nani.

Nilipotoka, mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya Kobe. Wenzake wote walikuwa na kijitu chao. Yeye alikuwa na miti tu.

"Mtu yuko wapi?"

"Kaingia msituni, mwalimu. Nimemsubiri, hakutoka."

"Kwa hiyo huna kipimo."

Kobe akaonyesha pichani kwa ncha ya brashi. Chini ya miti kulikuwa na nyasi zilizolala, upana wa viatu viwili.

"Alisimama hapo."

Mwalimu aliiinamia picha, kisha akaomba kitambaa cha kufutia mikono, ingawa mikono yake ilikuwa safi. Kobe hakuhamishwa.

Picha ipo bwaloni mpaka leo. Msitu haupo, baba zetu walimaliza kazi, na ukichungulia dirishani unaona mahindi hadi macho yachoke. Nikitembelea shule, watoto wa kidato cha kwanza wakiniuliza pale pichani ni wapi, huwajibu kwa sauti ya mazishini kwamba mimi nimo humo ndani. Wanacheka. Halafu huwaona, mmoja mmoja, wakiisogelea ile miti, wakinitafuta.