Godoro Alilogawa Mwalimu

Baba alifariki Jumanne alfajiri, nyumbani kwetu Mugango. Kabla ya saa nne kaka yangu Silasi alikuwa ameshafika kutoka Musoma na turubai, viti na daftari jipya. Daftari alinipa mimi.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye," alisema. "Andika wasifu. Mchungaji ametupa dakika kumi."

Nilikuwa naye miaka miwili na miezi mitatu. Nilifunga kibanda changu cha ushonaji kule Bunda wiki ile alipopata kiharusi, nikidhani nitakaa mwezi mmoja. Upande wake wa kulia haukurudi, na maneno yakabaki machache. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimgeuza kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda. Silasi alikuwa akija mwisho wa mwezi na sukari, anakaa nusu saa, anaondoka.

Nilikaa nyuma ya jiko nikaandika Mwalimu Baltazari Magesa alizaliwa wapi, akasoma wapi, akafundisha shule zipi. Mistari saba. Hapo nikakwama. Hata huzuni sikuwa nayo. Nilikuwa nimechoka tu, ule uchovu wa mtu anayeona hata kuvua ndala ni kazi.

Chini ya turubai waombolezaji walikuwa wakimsimulia. Bibi Bhoke, anayekaanga furu, wale samaki wadogo, pale mwaloni kando ya ziwa, alisema Mwalimu alimfundisha kusoma akiwa mtu mzima wa miaka arobaini, palepale penye karai, akichora herufi kwa kidole juu ya unga wa muhogo uliotandazwa kwenye sinia.

"Alikuwaga anakosea makusudi ili nimsahihishe," alisema. "Mimi nikajiona nimemshinda mwalimu. Alikuwaga na vituko yule."

Mzee Enos, aliyekuwa mwalimu mkuu wake, akaleta habari ya kuku. Baba alikuwa na kuku mweusi aliyeingia naye darasa la tatu kila asubuhi, jina lake Mkaguzi. Mkaguzi akisimama mbele ya dawati lako, unasoma kwa sauti. Siku alipofika mkaguzi wa kweli na kutambulishwa, darasa zima likaangua kicheko, na Baba akaandikiwa barua ya kujieleza.

"Alijibu kurasa nne," Mzee Enos alisema. "Zote anamtetea kuku."

Watu walicheka. Nami nilicheka kidogo, kisha nikarudi jikoni. Yote yalikuwa kweli. Lakini kuku yule nilikuwa namlisha mimi, na lile sinia lilikuwa letu. Tulikaa miezi tukila ugali kutoka kwenye sufuria.

Na kulikuwa na godoro. Nilikuwa darasa la sita, Mama ameshafariki. Nilitoka ziwani kuchota maji nikakuta kitanda changu kimebaki kamba tupu. Baba alikuwa amekaa mlangoni anakula muhogo.

"Kuna mtoto anakwenda bodingi kesho," aliniambia. "Akifika bila godoro watamrudisha. La kwangu nilishalitoa mwaka jana."

Alinijazia gunia majani makavu, nikalilalia karibu mwaka mzima. Hakuniomba ruhusa wala radhi.

Jumatano mchana alikuja mwanamke wa umri wangu, amevaa nguo za ofisini. Alivua viatu, akajifunga kanga, akaanza kusugua masufuria bila kuuliza. Tulisugua pamoja, kisha akanigeukia.

"Wewe ni Wankyo."

"Ndiyo."

"Mimi ni Yunis. Nafanya kazi ofisi za wilaya, Butiama. Nililalia godoro lako miaka minne."

Sufuria niliyoshika nikaiweka chini. "Ulijuaje kama ni langu?"

"Uliandika jina lako kwenye kona kwa kalamu. Nikamuuliza Mwalimu, Wankyo ni nani? Akasema ni mtu mkarimu sana." Alimwaga maji machafu. "Baadaye nikaja kusikia ni binti yake. Nikaona aibu kuja."

"Sikuwa mkarimu. Nililia wiki nzima."

"Hata mimi ningelia."

Hakuniambia kwamba nilipata baraka, wala kwamba Mungu alikuwa na mpango wake. Aliniangalia tu usoni.

"Umelala lini, dada?"

Nilijaribu kukumbuka, sikuweza.

"Nenda kalale. Hawa watu nitawapikia mimi."

"Wasifu bado."

"Utauandika ukiamka."

Nililala hadi giza likaingia. Nilipoamka niliandika bila kufuta.

Alhamisi, mbele ya kaburi, nilisoma ile mistari saba. Nikasoma habari ya Bibi Bhoke na ya kuku, watu wakacheka huku wanafuta macho. Kisha nikasoma yaliyobaki.

"Baba aligawa vitu vyake. Vilipokwisha, akagawa vya kwetu, na hakutuuliza. Mimi nilikasirika miaka mingi, na hasira hiyo sijaimaliza. Nilimuuguza kwa sababu ni baba yangu. Ninyi mliosoma kwake mlipata mtu mwema, na kweli alikuwa mwema. Sisi tulikuwa tunamsubiri arudi nyumbani."

Mzee Enos aliitikia kwa kichwa polepole. Mchungaji alifungua kitabu cha nyimbo.

Jioni Silasi alinifuata nyuma ya nyumba.

"Yale ya ndani ungeyaacha ndani," alisema.

"Ungeandika wewe."

Alikaa kwenye kigogo cha kuni, mikono magotini. "Nisingeweza. Sikuwa nakaa kwa sababu nilikuwa naogopa kumwona hawezi kuongea. Mtu aliyekuwa anaongea vile."

Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi nilikuwa naogopa, kila siku. Nikamwambia tu abaki hadi Jumatatu. Alibaki. Aliosha mashuka ya Baba kwa mikono yake na kuyaanika, na hakuna aliyemtuma.

Baada ya siku kumi nilirudi Bunda. Kibanda changu kilikuwa kimepangishwa kwa muuza simu. Fundi mwenzangu Flora alinipa nafasi barazani kwake, karibu na ukuta. Siku ya kwanza nilipewa suruali mbili za kupunguza. Mkono ulikuwa mzito, na uzi ulinikatikia mara nyingi. Mchana nililaza kichwa juu ya cherehani nikidhani nitapumzisha macho kidogo. Nilipoamka jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa barabara, na Flora alikuwa amezimalizia zile suruali na kuzikunja kando yangu.

"Mwenye suruali ameshapita?" niliuliza.

"Alipita ukiwa usingizini. Nimemwambia aje kesho," alisema, na akaendelea kushona.