Nani Aendeshe Lori Siku ya Sabato

Wazo la kumtwisha Hanok Ashtamkar dhambi yetu lilikuwa langu. Nalisema mapema, kwa sababu wenzangu waliowahi kuisimulia habari hii walinisitiri. Kila mmoja alisema "wazee waliamua." Wazee hawakuamua kitu. Ni mimi, Menashe, mtunza sinagogi wa Mtaa wa 26, niliyekuwa na miaka thelathini na miwili na nikitembea na funguo kiunoni kama mkuu wa gereza.

Ilikuwa Februari ya 1942, na Wajapani walikuwa wakiikaribia Rangun. Tangu mabomu ya Desemba matajiri wetu walikuwa wameshapanda meli za kwenda Kalkuta. Mwenyekiti alikwenda, wadhamini walikwenda, na katibu alikwenda na mihuri yote mfukoni. Tuliobaki tulikuwa arobaini na watatu: makarani, washonaji, wajane, wazee, na watoto. Hakuna aliyetupa kiongozi, na Sima hakumsubiri mtu amchague.

Sima alikuwa mjane aliyeuza achari ya embe sokoni, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Wiki ya pili baada ya mabomu aliingia uani na masufuria matatu akaniambia nifungue stoo ya sinagogi. Nikamjibu kwamba stoo hufunguliwa kwa barua ya katibu.

"Katibu yuko Kalkuta anakula samaki," akasema. "Fungua, Menashe, kabla sijakukalia."

Nilifungua. Kuanzia siku hiyo watu wote walikula uani kwetu, na kila jioni Sima aliita majina ya wote arobaini na watatu, na jina lisipoitikiwa alitoka mwenyewe kwenda kumtafuta mwenye jina. Aliwatukana wote sawasawa, na nadhani ndiyo maana walimpenda.

Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba aliwapanga wanawake wa Bene Israel na wanawake wetu kwenye jiko moja. Sisi, ambao babu zetu walitoka Baghdadi, tulikuwa na dharau ya siku nyingi juu ya wenzetu hawa waliotoka pwani ya Bombay. Walisali kama sisi na kushika Sabato kama sisi, lakini tulisema ukoo wao hauna uhakika. Sala yetu ya pamoja inahitaji wanaume kumi. Tukiwa tisa, Hanok, aliyekuwa mmoja wao, akaingia, tulibaki tisa. Mimi ndiye niliyemwonyesha benchi la nyuma, miaka tisa mfululizo, na sikumbuki kama hata siku moja nilimtazama usoni.

Ijumaa mchana serikali ilibandika amri ya watu kuondoka mjini. Barabara ya Prome, njia pekee iliyotubakia, ingefungwa kwa raia Jumamosi saa sita mchana, na baada ya hapo ingekuwa ya jeshi tu. Hanok alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha mbao, na mwenye kiwanda alikuwa amekimbia na kumwachia lori. Lilikuwa kavu, halina petroli hata ya kunusa. Sima alizunguka nayo madebe mji mzima, akiomba, akibembeleza na kugombana, na petroli ilipotosha jua lilikuwa limeshazama. Sabato ilikuwa imeingia, na siku hiyo sheria yetu haituruhusu kuwasha moto wala injini, wala kusafiri.

Hapo ndipo Mzee Rahamim aliposema haondoki. Alikuwa mchinjaji wetu, mwenye miaka sabini na sita. Hakuna kuku aliyeliwa katika jumuiya yetu bila kupita kwenye kisu chake, na neno lake lilikuwa na makali yaleyale.

"Wajapani bado wako ng'ambo ya mto," alisema. "Hatari ya kesho haivunji Sabato ya leo. Tutaondoka kesho Sabato ikiisha, nyota tatu zikionekana."

"Nyota zitaonekana, Mzee," Sima akamwambia, "ila barabara haitakuwepo."

"Basi nendeni. Mimi nabaki."

Familia tano zikasema anapobaki Mzee nazo zinabaki. Hao ni watu ishirini na mmoja. Sima aliwatazama mmoja mmoja. "Tunaondoka wote au haondoki mtu," alisema. "Sitafika India nianze kuulizwa wengine nimewatupa wapi." Kisha akaenda kulala juu ya madebe ya petroli ili yasiibiwe.

Mke wangu, Aziza, alikuwa na mimba ya miezi minane. Alikuwa ameegemea nguzo, ananitazama tu. Ndipo nikawasogelea wazee nikawanong'oneza kwamba Hanok ndiye aendeshe. Sisi tutakaa tu kama mizigo, na mzigo hauvunji Sabato. Na yeye, kwa kuwa ukoo wake hauna uhakika, kwake si dhambi kama kwetu. Wazee wakaitikia kwa vichwa, kwa furaha. Mzee Rahamim alinyamaza, nasi tukauchukua ukimya wake kuwa ruhusa. Nililala vizuri usiku ule, kwa aibu yangu.

Asubuhi moshi ulikuwa umetanda upande wa bandarini. Wafungwa walikuwa wameachiwa, na milio ya bunduki ilisikika mitaa miwili kutoka kwetu. Saa tatu watu wote walikuwa wamepanda, hata Mzee Rahamim, aliyeketi nyuma kabisa amefumba macho. Rebekabai, mama yake Hanok, alikuwa akiwapangia watoto pa kukaa. Mimi nilikwenda mbele kumpa Hanok moyo. Mtu mwenye akili angekaa kimya.

"Usiwe na wasiwasi, ndugu yangu," nikamwambia. "Wazee wameridhia. Wewe endesha tu, kwako si dhambi kama kwetu."

Alikuwa ameshika mlango wa lori. Aliuachia.

"Kwangu si dhambi kama kwenu," alirudia taratibu. "Kwa nini?"

Nikageukia kule nyuma, kama mtu aliyeitwa.

"Sema, Menashe. Kila Sabato unanionyesha benchi. Leo umekosa ulimi?"

"Hanok, saa zinakwenda."

"Zinakwenda, ndiyo." Akatia ufunguo mfukoni, akaketi kwenye ngazi ya lori. "Mkihitaji mtu wa kumi mimi si Myahudi. Mkihitaji mtu wa kuvunja Sabato mimi si Myahudi. Sasa basi, dereva wenu si Myahudi, na siku yake ya mapumziko ni leo. Mama, shuka."

Rebekabai hakushuka, lakini kule nyuma kelele zililipuka. Mmoja alimwita Hanok mhaini. Mwingine akasema anyang'anywe ufunguo. Wanaume wa Bene Israel waliposikia hivyo waliruka chini wakasimama mbele ya Hanok, na wa kwetu nao wakaruka, na kwa muda mfupi nilidhani tutauana wenyewe kabla Wajapani hawajafika. Hakukuwa na mwingine aliyejua kuendesha lori. Ilikuwa saa tatu na nusu. Nilimwona Aziza amejishika tumbo kwa mikono miwili.

Sima akapita katikati na upawa mkononi. Hakupiga kelele, na hilo lilitutisha zaidi.

"Nani alimwambia Hanok maneno haya?"

"Mimi," nikasema.

"Najua ni wewe. Nilitaka wasikie." Akanipita, akaenda nyuma ya lori. "Mzee Rahamim. Fumbua macho, naongea na wewe."

Mzee akayafumbua.

"Nilipokuwa mtoto nilikuletea kuku, nikakaa kwenye foleni nikikusikiliza ukifundisha wanaume. Ulisema kukiwa na hatari ya maisha, Sabato inavunjwa. Kweli au nimetia chumvi?"

"Kweli."

"Jana ulisema hatari haijafika. Kama haijafika, Hanok naye haruhusiwi kuendesha, kwa nini ulinyamaza? Na kama imefika, nikumbushe, sheria inamtaka nani aivunje Sabato? Mtoto?"

"Si mtoto."

"Mtu wa nje?"

"Si mtu wa nje," Mzee akasema. "Inavunjwa na wakubwa wa watu. Ili asiwepo atakayedhani ni jambo la kuona haya."

"Na mkubwa hapa ni nani, Mzee? Mimi ni muuza achari tu."

Mlio wa bunduki ulisikika, karibu zaidi. Mzee Rahamim alinyoosha mguu, akatafuta pa kukanyaga, akateremka. Watu wakampisha. Alikwenda mpaka mbele ya Hanok, akanyoosha kiganja.

"Nipe ufunguo."

Hanok alimtazama kuanzia viatuni hadi kofiani. "Unajua kuendesha, Babu?"

"Sijui. Nifundishe."

"Utatuua wote mtaa wa pili."

"Basi nionyeshe linavyowashwa. Angalau hilo nilifanye mimi."

Hanok akainuka, akaingiza ufunguo mahali pake, akachomoa hendeli ya kuzungushia injini chini ya kiti, akamkabidhi. Mzee aliichomeka pale mbele, akazungusha. Lori likakohoa likanyamaza. Nilipiga hatua ili nimsaidie, Sima akaniwekea upawa kifuani. Mara ya pili kofia ya Mzee ilianguka, na mtu yule ambaye sikuwa nimepata kumwona bila kofia aliiacha pale chini. Mara ya tatu hendeli ilimrudi ikamchubua mkono. Mara ya nne lori likanguruma.

Kuwasha moto, siku ya Sabato, kwa mkono wa Mzee Rahamim. Mama mmoja kule nyuma alilia kwa sauti.

Mzee alisimama akihema, damu inamtiririka kwenye vidole. "Nimewasha mimi," alimwambia Hanok. "Kama kuna wa kuulizwa, nitaulizwa mimi kwanza. Na tuliyokutendea pale mlangoni mwa sinagogi ni makosa. Menashe alikuwa akionyesha benchi, lakini mimi ndiye niliyelitenga."

Hanok aliupandisha mguu kwenye ngazi, akasita.

"Nikuulize neno moja, Babu, kisha twende au tusiende. Kungekuwa hakuna vita, hakuna lori, Sabato ya leo ungenihesabu?"

Niliomba moyoni Mzee adanganye. Sijawahi kuomba kitu kwa nguvu kama hiyo. Sema ndiyo, Mzee, sema ndiyo tu, mke wangu yuko humu ndani.

Mzee Rahamim alimtazama machoni. "Hapana," akasema.

Hanok aliinamisha kichwa, akakaa hivyo, mkono wake umeshika usukani kupitia dirishani. Alipokiinua macho yalikuwa mekundu.

"Angalau wewe hunidanganyi," alisema. "Panda mbele, Babu, kabla sijabadili nia. Mke wa Menashe naye akae mbele. Menashe mwenyewe ataning'inia nyuma."

Sima aliita majina, yote arobaini na matatu, upesi upesi, na yote yakaitikiwa. Tulipita kizuizi cha jeshi saa tano na dakika arobaini. Askari alitupungia mkono bila hata kututazama.

Nilining'inia nyuma kweli, mguu mmoja kwenye chuma na mwingine hewani, nimeshika kamba. Vumbi lilinijaa machoni. Kila tulipopita shimo nilijua nimekwisha, na kila mara kitu kilinivuta kwa mkanda na kunirudisha. Nilidhani mkanda umenasa kwenye msumari. Baada ya saa nzima ndipo nilipoweza kugeuza shingo, nikaona ni mkono, nao ulikuwa wa Rebekabai. Alikuwa ameukunja mkanda wangu kwenye ngumi yake, na vifundo vya vidole vimemgeuka rangi.

"Mama," nikamwambia, "utachoka."

"Nimeshachoka," akasema. "Lakini ukianguka mwanangu atasimama kukuokota. Namjua. Sasa geuka mbele."