Kiti cha Kushoto

Mniko alikuwa rubani, na tangu siku ya kwanza alipopanda ndege kubwa alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kiti cha kushoto. Katika chumba cha marubani, anayekaa kushoto ndiye kapteni. Ndege ni yake na neno la mwisho ni lake. Kulia hukaa msaidizi. Mniko alikaa kulia, akasoma vipimo, akajibu redio, na jicho lake halikubanduka kwenye kile kiti cha mwenzake. Alikiwaza akila, akakiota akilala. Mtu mzima na masharubu yake, anatamani kiti!

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na ndege zake zikakosa mwenyewe, Mniko alirudi kwao Kerende na begi moja na ahadi mbili za kazi. Ya kwanza ilitoka kwa shirika jipya la hapa nyumbani. Mshahara wake ulikuwa mwembamba, ule wa kujenga taifa, lakini marubani walikuwa wachache mno, na mtu kama yeye angekuwa kapteni kabla viatu vyake havijaisha soli. Ya pili ilitoka kwa kampuni moja ya mizigo ya Lusaka. Huko walilipa mpaka mtu aone aibu kusema, ila viti vya kushoto vilikaliwa na wazee wa Kizungu ambao hawakuwa na haraka ya kwenda popote.

"Huko utakaa kulia mpaka uote mvi," rafiki yake Rubeni alimwonya. Rubeni mwenyewe alikuwa amekwisha kujiunga na shirika la nyumbani. Kwa Mniko halikuwa hata jambo la kufikiria. Alikuja Kerende kuaga tu, kisha amfuate Rubeni kukidai kiti chake.

Alimkuta dada yake Wegesa jikoni kwa mama yao, anachambua mboga, kitenge amekivuta mpaka shingoni na joto lote lile.

"Umekuja kutembea, dada?"

"Nimekuja kukaa," Wegesa alisema, wala hakuinua macho.

Wegesa aliolewa upande wa Mugumu, karibu na Manchira, na bwana mmoja aitwaye Nyamhanga. Miaka ilipita bila mtoto, na Nyamhanga akaanza kumwuliza sababu kwa fimbo. Mama alikivuta kile kitenge kidogo ili Mniko aone mgongo. Mniko alitoka nje akasimama kwenye jua, maana ndani hakukuwa na pa kuweka macho.

Sasa, huko kwao mke akiondoka, ng'ombe wa mahari hurudi. Na ng'ombe wa Wegesa hawakuwepo. Kwa desturi wangemwolea Mniko mke, kwa kuwa ng'ombe wa dada ndio humwolea kaka. Lakini baba yao, kabla hajafa, aliwauza wote ili kijana wake asome sekondari, kisha aende Soroti kujifunza kurusha ndege. Wakurya wenzake walimwona mzee amerukwa na akili.

Alasiri hiyo ndugu wawili walikwenda kukaa kwenye lile panda la mti walilokuwa wakikokotea plau. Watu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, mama yao aliacha vyungu akalibeba panda, kwa sababu watoto wake walilichezea. Matawi yake mawili ndiyo yaliyokuwa viti vya ndege yao. Wegesa, kwa kuwa ni mkubwa, alikaa kushoto siku zote na kuunguruma kwa mdomo, na Mniko kulia, akipiga kelele kwamba wanaona Nairobi. Hata sasa kila mmoja alikwenda kwenye tawi lake bila kufikiri.

Mniko alimweleza habari za kazi zote mbili. Hakuficha kitu.

"Chukua ya nyumbani," Wegesa alisema.

"Na wewe je?"

"Mimi nitarudi kwa Nyamhanga. Si nimeshazoea? Wewe kiti hicho umekililia tangu hujatahiriwa, mura."

Kwa kitambo kidogo Mniko alifurahi. Moyo ulimruka kabisa, kama wa mtoto aliyeruhusiwa kwenda kucheza. Halafu akaona dada yake anavyokaa, mgongo ameuweka mbali na kila kitu, na furaha ile akaichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu.

Asubuhi wakwe walifika. Mzee Heche, baba yake Nyamhanga, alikunywa togwa, akafuta mdomo, akasema, "Tumefuata mtu wetu. Au ng'ombe zetu. Chochote mtakachotupa." Kisha akamgeukia Mniko. "Wenzako wameoa kwa ng'ombe za dada zao. Wewe umeoa ndege. Haya, huyo ndege wako anazaa ndama?"

Wazee walicheka. Wegesa alikuwa amekwisha kufunga vitu vyake kwenye kanga, amesimama mlangoni tayari.

"Anazaa," Mniko alisema. "Ng'ombe wako watarudi, mzee. Uende salama."

Akaenda Lusaka. Kila mshahara ulipotoka, ng'ombe alinunuliwa mnadani na kuswagwa kwenda Mugumu. Rubeni alipata ukapteni upesi kama ilivyosemwa, na siku moja sauti yake ilisikika redioni angani, nzito, yenye raha. Mniko aliitikia, "Ndiyo, kapteni," kisha akatazama dirishani muda mrefu. Alikitamani kile kiti mpaka kifua kikamuuma. Wazungu hawakustaafu. Mvi zikaja.

Ng'ombe wa mwisho alipopokelewa, Mniko alikuja likizo. Wegesa alikuwa amejijengea nyumba yake, amenenepa, anavaa kitenge mabega wazi.

"Wamekupa kiti?" alimwuliza.

"Bado, dada."

Wegesa alifuta mikono, akamwongoza mpaka kwenye lile panda, sasa limeliwa na mchwa upande mmoja, akakaa kwenye tawi la kulia.

"Dada, hapo ni pangu."

"Palikuwa pako. Leo vipimo nasoma mimi." Akapiga tawi la kushoto kwa kiganja. "Kaa, kapteni. Tunakungoja wewe."

Mniko alikaa. Akanyoosha mikono mahali ambapo usukani ungekuwa, akaushika, akalia.