Sehemu ya Pili ya Célestine

Jumatatu mchana, katika jumba la opera jijini Paris, Célestine Aubrac alifanya mazoezi ya opera aliyoiimba kwa miezi minne. Sehemu ya kwanza ilitoka vizuri, na ya tatu pia. Kwenye ya pili alifungua kinywa, sauti haikutoka.

Mkurugenzi, Bwana Lhomond, akatazama saa yake.

"Ya pili anayo Valdor," akasema. "Jana kaipiga kwenye piano, sebuleni kwa Bibi Sorel. Nilikuwepo. Ilikuwa wewe mtupu, hadi kile kikwaruzo cha sauti yako ya juu."

Emmerich Valdor alizigeuza opera za wengine kuwa vipande vya piano, na wanawake waligombania glavu zake. Célestine alimkuta nyumbani kwake akinywa kahawa. Akafunua piano, akabonyeza kibao kimoja. Sauti yake ikatoka, nzima, yenye joto.

"Nirudishie."

"Mpenzi, sikuiba. Nimeipamba tu. Kule jukwaani ungeizeesha."

"Mama yangu kafua mashuka ya watu mpaka vidole vikapasuka, nipate mwalimu. Miaka kumi na miwili! Wewe umekaa jioni moja."

"Jioni mbili," akasema Valdor, ambaye hakupenda uongo. "Na mchapishaji keshaichukua."

Célestine akaokota koleo alilosahau fundi wa piano, akakata nyaya zote za ndani. Valdor akamaliza kahawa yake, akaagiza piano nyingine.

Kufikia vuli kitabu cha muziki huo kilikuwa kimeingia kila nyumba yenye piano. Jaladani palikuwa na jina la Valdor peke yake. Célestine alipopita mitaani aliisikia sauti yake madirishani, ikijikwaa, ikirudishwa mstari uleule mara tisa. Siku moja uvumilivu ulimwishia, akagonga kwa muuza nyama. Aliyekuwa akipiga ni binti wa nyumba.

"Hapo unaninyonga," Célestine akamwambia. "Niache nivute pumzi kwanza."

Binti akakagua ukurasa. "Hapa hakuna pumzi, madamu. Bwana Valdor hakuandika."

Siku hizi, kwenye jumba la opera, sehemu ya pili huipiga Valdor. Célestine husimama kando ya piano, taji kichwani, akifungua na kufumba kinywa panapostahili. Watu humpigia makofi Valdor. Lhomond amemwomba Célestine asikunje ngumi, maana zinaonekana hadi viti vya nyuma.

Hajazikunjua.